Jiwe la Nyuma ya Plaza

Kila asubuhi Agripina alianza kufagia mbele, kwenye baraza la fremu za maduka zinazotazama barabara, akazunguka pembeni penye bomba, akamalizia uani. Uani kulikuwa na jiwe kubwa la kusagia, la kale, limelala kwenye kona karibu na ukuta. Alipolikaribia alivua kandambili, akaziweka kando, akafagia kulizunguka akiwa peku. Kisha alizivaa tena na kuendelea na kazi. Waliomwona walidhani anaogopa kuzichakaza, au ni mambo ya watu wa zamani. Hakuna aliyemuuliza, naye hakutaka kuulizwa.

Chini ya jiwe lile alilala Peniel, mtoto wake wa kwanza.

Peniel alikufa kwa homa akiwa na miaka tisa, wakati wa mvua, kabla mahali hapo hapajawa Plaza. Palikuwa nyumbani kwao: nyumba ya tofali za udongo, zizi la ng'ombe wachache, na shamba la uwele lililoteremka hadi kwenye majabali. Baba yake, Enock, alitaka mtoto azikwe pembeni mwa uwanja, karibu na nyumba, kama Wanyaturu wenzake walivyozika watu wao. Kupata mahali hakukuwa rahisi. Upande ule wa Unyambwa, ukichimba, unakutana na mwamba kabla jasho halijakutoka. Wanaume walijaribu huku na huku wakaambulia cheche za sururu, mpaka wakapata kipande kilichokubali. Walipomaliza kuzika, Enock alisimika msalaba wa mti, kisha akalivingirisha jiwe la kusagia la marehemu mama yake, lile kubwa la chini lenye bonde lililolika kwa miaka mingi ya kusaga mtama, akaliweka juu ya kaburi.

"Bibi yake atamwangalia," alisema.

Baada ya hapo alikuja Manase. Manase alikuwa mfanyabiashara wa alizeti, mwenye mashine ya kukamua mafuta na imani kubwa kwamba mji wa Singida ungepanuka kuelekea Unyambwa. Alisimama katikati ya uwele wa Enock, suruali imejaa vishonanguo, akanyoosha mkono kuelekea barabarani.

"Mji unakuja huku, mzee mwenzangu. Usipoupisha utakukanyaga. Mimi nataka nijenge maduka ya kisasa, watu wasihangaike kwenda mjini kununua misumari na panadol."

Enock aliuza kwa sababu zilezile zinazowafanya watu wote wa pembezoni mwa miji wauze viwanja. Lakini aliweka masharti mawili, na wanaume hao wawili waliyakubali wakiwa wamesimama kando ya jiwe, Agripina akisikia. La kwanza, kona ile isijengwe mpaka familia itakapomhamisha mtoto kwenda Ihanja, kwenye shamba la ukoo, ambako Enock na mkewe wangehamia. La pili, Agripina apewe kazi ya usafi kwenye jengo hilo, ili awe karibu.

"Tutamhamisha tukishavuna," Enock alisema.

Walivuna. Mwaka huo alizeti haikuzaa. Mwaka uliofuata kulikuwa na msiba mwingine. Kuhamisha kaburi kunataka kibali, kunataka wazee wakae, kunataka watu wale, na kila mwaka kulikuwa na jambo lililotangulia. Ihanja hawakuhamia. Walipanga chumba hapohapo Unyambwa, na Plaza ikajengwa mbele ya macho yao.

Siku ya kuifungua kulikuwa na kwaya, mchungaji na shehe, na mbuzi wawili wa kuchoma. Jina MANASE PLAZA liliandikwa kwa rangi nyekundu juu ya baraza, na watoto walikuja kushika milango ya vioo, ambayo hawakuwahi kuiona nje ya benki. Kulikuwa na duka la dawa, duka la vifaa vya ujenzi, steshenari yenye mashine ya kutoa kopi, wakala wa kutuma fedha, duka la vitenge, na saluni ya Selina, mwanamke mnene mwenye sauti iliyosikika mpaka kwenye bomba. Wote walimwita mfagizi wao Mama Peniel. Ndivyo alivyojulikana tangu alipozaa, na wenyeji wa kule hawakumwita vinginevyo. Wapangaji waliotoka mbali walilichukua jina hilo bila kujua.

"Peniel wako anasoma wapi?" Selina alimuuliza mara moja, siku za mwanzo, huku akimsuka mteja.

"Yupo," Agripina alisema.

Selina alimtazama kwenye kioo, mkono ukasimama, kisha akaendelea kusuka. Hakuuliza tena. Urafiki wao ulianzia hapo.

Enock aliugua figo mwaka wa pili wa Plaza. Ndugu zake walimchukua kwenda Ihanja, akafia huko, akazikwa huko. Kabla hajakata roho alimshika Agripina kiganja akamwambia, "Usiniache peke yangu huku. Umlete mtoto." Agripina alisema atamleta. Hilo ndilo lililokuwa deni lake duniani. Mengine yote, njaa na kodi ya chumba na magoti yanayouma, aliyachukulia kama hali ya hewa.

Kaburi lilikaa salama mpaka walipoanza kupangisha vyumba vya nyuma. Aliyepanga kwanza alikuwa mama mmoja wa chakula, mchapakazi, aliyeweka mabenchi uani. Wiki ya kwanza alijaza watu. Wiki ya pili mteja mmoja aliuona msalaba nyuma ya majani, akauliza, na kabla ya jioni Unyambwa nzima ilikuwa inasema kwamba Plaza watu wanalishwa juu ya maiti. Mama wa chakula aliondoka na masufuria yake hata bila kuaga. Duka la vitenge likafuata, ingawa lilikuwa mbele kabisa.

Manase alimwita Agripina pembeni. Hakuwa mtu mbaya. Alivua kofia kabla ya kuzungumza.

"Mama Peniel, ahadi ni ahadi. Hapatajengwa. Lakini ule msalaba unanimaliza. Watu wetu unawajua. Mtu akifilisika kwa uvivu wake atasema ni kaburi."

"Sasa unataka nifanyeje?"

"Uutoe wewe mwenyewe, maana mimi siwezi kuugusa. Jiwe libaki. Jiwe ni jiwe, nani atajua? Na ukiulizwa, useme hujui kitu."

Agripina alifikiri siku kadhaa. Aliona kwamba wapangaji wakikimbia, jengo litauzwa, na mnunuzi mpya hakusikia ahadi yoyote. Kwa hiyo asubuhi moja aliung'oa msalaba, akauvunja vipande, akaupeleka kwake akaufungia kwenye kanga. Jiwe likabaki. Mvua ikinyesha, maji yalituama kwenye lile bonde la kusagia na kuku walikuja kunywa. Alivua kandambili, akafagia, akamsimulia Peniel kwa Kinyaturu habari za siku, kwa sauti ndogo ambayo mtu angedhani ni kunung'unika.

Ahadi ya kukaa kimya aliitunza kuliko Manase alivyotegemea. Hakumwambia mpangaji yeyote, hata Selina, aliyeuchukulia uvumi ule kuwa fitina za biashara, na wapangaji walikuwa wengi, maana hawakudumu.

Mji haukuja. Ulipanuka kweli, lakini ulielekea upande mwingine, na duka la vifaa vya ujenzi likaufuata. Steshenari ilikaa mpaka mashine ya kopi ilipoharibika. Duka la dawa lilifungwa kwa sababu lilikosa mtu mwenye cheti. Akaja kijana wa kuonyesha video, akaweka mapazia meusi kwenye milango ya vioo. Likaja kanisa jipya, likapanga fremu mbili likatoboa ukuta wa kati, na kila Jumapili mchungaji alizunguka jengo lote akikemea mapepo yanayozuia biashara. Alipofika uani alikemea na jiwe pia, huku Agripina amesimama na ufagio. Kanisa lilipohamia kwenye kiwanja chake, wakaja watu wa kubeti na runinga zao nyingi. Walipoondoka hao, fremu zilizobaki zilijazwa magunia ya vitunguu yanayosubiri bei.

"Plaza hii bwana," Selina alisema, akiwa amekaa mlangoni anajipepea kwa kifuniko cha ndoo. "Imesoma, imeokoka, imebeti, na sasa inanuka vitunguu. Imebaki kufunga ndoa tu."

"Wewe mbona huondoki?"

"Niende wapi? Vichwa vya huku nimeshavizoea. Na wewe mbona huondoki, Mama Peniel? Unafagia jengo lisilo na watu. Huo uchafu si unauleta mwenyewe?"

Walicheka wote wawili. Agripina alicheka mpaka akalazimika kugeuka.

Katika wapangaji wa nyuma, aliyedumu kuliko wengine ni Abraham, mtu wa mipango. Alichukua vyumba vyote vya nyuma akafungua nyumba ya wageni, na uani akatengeneza jiko la nyama choma na vibanda vya makuti bandia. Wakati anaanza ujenzi huo, dada yake Agripina aliyeishi Kintinku alipooza upande mmoja, na hapakuwa na mwingine wa kumuuguza. Agripina alimwachia kazi mwanamke wa jirani, akaenda, akitegemea ahadi ya Manase. Alikaa Kintinku kipindi chote cha kiangazi mpaka dada yake akafariki na arobaini ikapita.

Aliporudi hakuitambua Plaza kwa nyuma. Ua ulikuwa umezungushiwa ukuta mpya wa tofali. Mti wa mnyaa uliokuwa karibu na kaburi ulikatwa, bomba likahamishwa, vyoo vikajengwa, ardhi ikasawazishwa ikawa tambarare kama meza. Alipita haraka kati ya vibanda mpaka alipoliona jiwe. Lilikuwa pale, kwenye kona, zima, bonde lake limejaa majani makavu.

Alihisi kama limesogea pembeni, karibu mno na ukuta. Alisimama akilitazama. Halafu akajiambia kwamba ukuta ndio uliokuja karibu na jiwe, maana ukuta ni mpya na jiwe ni la zamani. Lile jiwe halibebeki kwa mchezo. Nani angejisumbua nalo? Angeweza kuuliza. Alikuwepo Shukuru, mlinzi aliyeajiriwa na Abraham, mwanamume mpole kutoka Mkalama, na angemweleza kila kitu. Lakini mtu akiuliza habari za jiwe ataulizwa kwa nini, na yeye alikuwa ameahidi. Akavua kandambili, akaanza kufagia.

Siku chache baadaye Shukuru alimkuta amekaa juu ya jiwe anapumzika.

"Shikamoo mama. Nimefurahi kukuona umerudi kwenye kiti chako."

"Marahaba, baba. Nimerudi."

Aliona ni maneno mazuri, akayapokea hivyo.

Nyumba ya wageni ya Abraham ilidumu miaka michache, kisha ugonjwa ule wa dunia nzima ukaja, wageni wakakatika, naye akafunga, akamwachia Manase mlinzi na vibanda vilivyooza. Kwa miaka mingine Plaza ilibaki na Selina, Shukuru, popo na Agripina. Herufi za jina zilichubuka. Walioitwa wenyeji walikuwa wamekufa au wamehama, na watoto waliopita kwenda shule hawakujua aitwe nani. Walimwita Bibi wa Plaza.

Mwaka huu, kiangazi kilipoanza, Manase alikuja amekalia kiti cha mbele cha gari la mtu mwingine. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemchukua mguu mmoja. Nyuma yake alishuka msichana wa mjini aliyevaa fulana ya kampuni na kushika simu mbili. Aliitwa Witness, meneja wa kampuni ya kusambaza soda na maji ya chupa, na kampuni hiyo ilikuwa inalichukua jengo lote. Fremu zingevunjwa kuta ziwe ghala moja. Uani pangemwagwa zege ili malori yageuzie.

"Uani pote?" Agripina aliuliza.

"Pote, mama. Malori ni mazito, hayachagui."

Agripina alimtazama Manase. Mzee akatazama mguu wake.

"Sema, Mama Peniel," alisema Manase. "Mimi nimekwisha. Sema tu."

Akasema. Alisema mbele ya Witness na Selina, na ilimchukua dakika moja kusema kile alichokificha tangu Plaza ikiwa na milango ya vioo. Selina alishika kichwa kwa mikono miwili. Shukuru alikuwa amekwenda kufungua geti la upande wa pili kwa ajili ya gari, akasikia nusu tu, kwamba kuna mtu amezikwa uani. Akajisemea wazee wanajua mambo yao.

Witness hakupiga kelele. Baba yake mwenyewe alikuwa amezikwa nyumbani, akaelewa. Alisema kampuni itasubiri, itasaidia usafiri wa kwenda Ihanja, lakini fundi wa zege amekwishapangwa na asingeweza kumwahirisha mwezi mzima. Kwa hiyo mambo yaliyoshindikana maisha yote yalikamilika kwa siku chache. Kibali kilitoka. Bwana afya akapanga siku. Kule Ihanja, Andrea, mdogo wake Enock, aliwakusanya vijana wakachimba kaburi dogo ubavuni mwa kaburi la kaka yake. Akaja Unyambwa na sanduku dogo la mninga na shuka jeupe.

"Shemeji," alimwambia Agripina, "kaka atafurahi."

Agripina hakulala. Aliutoa ule msalaba uliovunjika kwenye kanga ili uende na mwenyewe. Ritha, binti yake aliyeolewa Itigi, alikuja alfajiri. Ritha alizaliwa baada ya Peniel kufa na hakuwahi kumwona kaka yake.

Walisimama uani wote. Wachimbaji wawili wa kukodi wakaliviringisha jiwe kando. Chini yake palikuwa na wadudu na udongo wenye unyevu. Wakaanza. Sururu iliingia mara ya kwanza, ikaingia mara ya pili, ya tatu ikalia. Walisogea hatua moja, ikalia. Shimo lilikuwa halijafika magotini.

"Mama," mchimbaji mkubwa alisema, akifuta uso, "hapa pana mwamba."

"Endelea."

"Mama, huu si mwamba uliobingirikia hapa. Huu ndio ardhi yenyewe. Hapa hapajawahi kuchimbwa na mtu."

"Nimesema endelea, baba. Mimi nilikuwepo. Niliona kwa macho yangu."

Waliendelea kwa heshima tu. Walichimba kulia, wakachimba kushoto, wakaenda mpaka kwenye msingi wa ukuta. Kila mahali jiwe lilijibu chuma. Bwana afya alitazama saa yake, akaona aibu, akauingiza mkono mfukoni.

Hapo ndipo Shukuru alipoingia na chupa ya chai aliyotumwa kuwanunulia wageni. Akaona jiwe limeviringishwa, akaona shimo.

"Mnatafuta nini chini ya jiwe la mama?"

"Kaburi," Selina alisema. "Ulikuwa wapi wewe? Mtoto wa Mama Peniel yupo hapo."

Shukuru aliiweka chupa chini taratibu. "Hapo? Hapana. Hilo jiwe halikuwa hapo."

Wachimbaji wakaweka sururu chini.

"Lilikuwa kule," aliendelea, na mkono wake ukaelekea kwenye vyoo, kwenye mfuniko wa zege wa shimo la maji machafu. "Wakati Abraham anachimba shimo la choo, wachimbaji walihangaika siku mbili, kote mwamba. Wakapima kwa mtaimbo mpaka wakapata pale tu. Wakasema hapa udongo ni laini, hapa Mungu katuhurumia. Jiwe lilikuwa juu yake. Tulilibeba watu wanne."

Agripina alikuwa anamtazama mdomo.

"Walitaka kulipasua wajengee," Shukuru alisema. "Mimi ndiye niliyekataa. Mama wa jirani alisema hiki ndicho kiti cha Mama Peniel, ndipo anapokaaga. Nikasema basi tumwekee pazuri, kwenye kivuli cha ukuta, akirudi akikute. Mama, mimi nilikuwekea."

"Walikuta nini?" Andrea aliuliza. "Kwenye hilo shimo walikuta nini?"

Shukuru alikaa kwenye ukingo wa shimo jipya. "Mifupa kidogo. Walisema ni mbwa. Nani angejua? Hapakuwa na msalaba."

"Na udongo wake?"

"Tuliusawazishia hapahapa uani. Abraham alitaka pawe tambarare."

Kila mtu akatazama alipokanyaga. Mchimbaji mdogo alinyanyua mguu, akakosa pa kuuweka, akaurudisha.

Ritha ndiye aliyelia. Agripina hakulia. Alikuwa anahesabu moyoni, si miaka, bali maneno: yote aliyomsimulia, harusi ya Ritha, wajukuu, kifo cha dada yake Kintinku, yote aliyasema kwenye mwamba. Alikumbuka siku aliyoung'oa msalaba, jinsi ulivyotoka kirahisi. Shukuru alikuwa amepiga magoti mbele yake anaomba msamaha, na yeye alimshika bega kwa sababu ilibidi mtu amshike.

"Wewe ulinitunzia kiti," alimwambia. "Inuka, baba. Watu wanatazama."

Witness alijitolea lifunguliwe shimo la maji machafu. Bwana afya alitikisa kichwa, akaeleza kwa upole kwamba kitu kikishatolewa na udongo kusambazwa, chini hakuna kinachobaki cha kutafutwa. Andrea akasogea karibu na shemeji yake akanong'ona kwamba kuna jambo jingine. Kaburi la Ihanja liko wazi. Kwao, kaburi likichimbwa halifukiwi tupu, litaita mwingine wa nyumba hiyo. Wazee wanasubiri.

"Tupeleke jiwe," alisema Andrea. "Ni la bibi yake. Limekaa naye."

"Limekaa na mimi," Agripina alisema. "Halikukaa naye."

"Shemeji, tufanyeje basi?"

Agripina akasogea kando, akawapisha wabebaji. Wakalipakia jiwe kwenye gari la kampuni, watu wanne kama siku ile, na vipande vya msalaba vikaingia kwenye sanduku la mninga pamoja na konzi moja ya udongo aliouzoa Ritha popote pale uani. Ihanja waliimba. Walilishusha jiwe kwenye kaburi dogo kwa kamba, lile bonde la kusagia likiwa juu, na udongo wa kwanza ukaangukia humo ukajaa kama unga. Agripina alisimama kati ya makaburi mawili. Alijaribu kumwambia Enock kwamba amemleta mtoto. Maneno yalimfika mdomoni, akayameza. Hakuwahi kumdanganya alipokuwa hai.

Alirudi Unyambwa kesho yake, maana hakuwa na mahali pengine pa kwenda asubuhi. Zege lilimwagwa wiki hiyohiyo. Liliendelea kumwagiliwa maji mpaka likakauka likawa jeupe, kubwa, halina kona wala alama, na joto lake la mchana lilifika mpaka barazani. Selina alikuwa ameshafunga vioo vyake kwenye magodoro tayari kuhama. Alimkumbatia Agripina bila utani wowote, na hilo lilimtisha Agripina kuliko utani ambao angeufanya.

Kampuni ilimbakiza kazini. Witness alimletea vifaa yeye mwenyewe: ufagio mpana wa mpini mrefu, glavu, na mabuti meusi ya mpira.

"Kandambili haziruhusiwi tena, Mama Agripina. Malori, chupa zilizovunjika. Akikukuta mkaguzi bila mabuti, lawama ni yangu."

Mama Agripina. Msichana alilisema kwa adabu kabisa, akilisoma kwenye karatasi ya ajira. Selina alipoondoka, hakubaki pale mtu wa kumwita lile jingine.

Alianza mbele kama siku zote. Akamaliza baraza, akazunguka pembeni, akafika ukingoni mwa zege. Hapo alisimama. Alitazama kule kwenye vyoo, akatazama kona, akatazama katikati, mahali ambapo Abraham alitaka pawe tambarare. Miguu ndani ya mabuti ilikuwa imeanza kutoa jasho. Kwa mazoea aliinama, mkono ukashika buti la kulia kisiginoni, ukakaa hapo.

Hakujua avulie wapi.

Lori la kwanza lilipiga honi getini. Shukuru akafungua. Agripina akainuka, akapanda juu ya zege na mabuti yake, akaanza kufagia.